Miaka minne na playa ya rekodi ya mtumba: uzoefu wangu

Wacha nianze na lawama ndio tumalizane nayo. Jamaa aliyeniuzia hii playa pale tao alijua kabisa imetoka Marekani na hakuniambia hiyo inamaanisha nini. Alinipa playa, akanipa na transfoma ya kushusha stima kutoka 240 hadi 110, akahesabu 14,500 zangu akaniambia "mzee, hapo umemaliza". Sikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimebeba nyumbani kitu kinachoimba polepole, na aibu yangu ni kwamba nilikaa nacho miezi miwili nikikisifia watu.

Mimi rock ya zamani nimeisikiza tangu sekondari, enzi za kukopiana kaseti. Kaseti ya dakika 90 ilikuwa mali, kila upande 45, kwa hivyo Dark Side of the Moon ya Pink Floyd yenye dakika kama 43 ilikuwa inaingia upande mmoja bila kukatwa na upande wa pili unabaki wa Deep Purple. Redio ikiitafuna unachukua bik unairudisha pole pole huku ukiomba. Baadaye zikaja CD za kuchoma, baadaye simu, na saa hii nalipia app kila mwezi kama kila mtu na sina ubaya nayo, kwa jam ya Thika Road hakuna kama hiyo. Shida ni mimi, nikiwa na simu nakuwa mkorofi, naanza wimbo, kabla gitaa halijaingia nimeruka, naenda mwingine naruka tena, mwisho wa siku nimesikiza vipande thelathini na hakuna wimbo hata mmoja. Rekodi huruki ovyo. Unakaa nayo dakika ishirini na kitu, upande unaisha, unainuka unaigeuza.

Basi rekodi yangu ya kwanza niliitoa Kenyatta Market, nilikuwa nimeenda nyama choma nikapita pale kwa rekodi nikatoka na Led Zeppelin ya nne, ile ya 1971 ambayo kwa jalada haina hata jina la bendi, ni picha ya mzee tu ameinama na mzigo wa kuni mgongoni. Nikafika nyumbani nikaweka. Sauti ikatoka nzito, imetulia, imekaa kiutu uzima, nikajiambia kumbe hii ndio ile utamu wa rekodi watu huongea, simu zimekuwa zikitudanganya. Nikamwita mama watoto asikie. Akasikiza akauliza, "Ni huyo mzee wa kuni anaimba?" Nikasema ndio, ni kama yeye.

Sasa Robert Plant, mwimbaji wao, wakati wa hiyo rekodi hakuwa amefika hata miaka 25, na sauti yake iko juu, mtu yeyote anayempenda anajua. Mimi nimemsikiza miaka thelathini na sikushtuka! Moyo ukishapenda kitu macho yanafungwa na masikio pia.

Kijana wangu ndiye alinitoa ujinga. Jumapili moja ametoka kanisani, akaweka Stairway to Heaven kwa simu yake, mimi nikaweka kwa rekodi, ndio wimbo wa mwisho wa upande A, tukaanzisha pamoja. Ya simu ikaisha kwa dakika nane na sekunde mbili. Yangu bado inapanda mlima. Ilifika dakika tisa na nusu na ushei ndio sindano ikamaliza, kijana amelala kwa kiti anacheka.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja wa barabara ya Luthuli. Hakufungua hata. Alibandika kipande cha selotepu pembeni ya sahani, akaniambia, "Mzee wangu, wewe shika saa, mimi nahesabu." Rekodi kubwa inafaa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ndio kusema dakika tatu ni mizunguko 100 kamili. Tukahesabu tukiwa tumeinamia hiyo selotepu kama watu wa kucheza ajua, ikafika 83 dakika tatu zikaisha. Fundi akasema hiyo ni stima. Mota ya aina hii inafuata mapigo ya stima yenyewe, ya Marekani inapiga 60 kwa sekunde, yetu ni 50, na transfoma inashusha volti peke yake, mapigo inayaacha vile yalivyo. Chukua 33 na theluthi, gawa kwa sita, zidisha kwa tano, utapata 27 na kitu. Yaani miezi miwili yote nilikuwa namsikiza Plant akiwa ameshushwa noti tatu hivi.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Ile puli ndogo ya mota inayovuta belti ilikuwa ya milimita 10, tukaenda Grogan kwa jamaa wa mashine ya leth akanichongea nyingine ya milimita 12, nene kidogo ili sahani izunguke haraka zaidi, ya aluminiamu, kwa bei ya chakula cha mchana. Tukarudi tukahesabu tena. 100.

Kwa hivyo kama unanunua hizi playa za mtumba, geuza usome kibandiko cha nyuma kabla hujatoa pesa. Ukiona 120V 60Hz peke yake, hiyo Hz ndio mapigo, uliza mota ni gani, zile za DC hazisumbuki na haya mambo, hizi za belti na mota ya AC, ile inayofuata mapigo ya stima, ndizo zitakuimbia kama mgonjwa. Sindano nimebadilisha mara moja, vumbi la mtaa wetu halina huruma, brashi ni lazima. Na stima ikipotea katikati ya wimbo utasikia gitaa likiteremka teremka mpaka linakoroma, wageni huwa wanashtuka.

Kitu kingine nimeona, ukiwa na playa sebuleni watu wanaanza kukuuliza maswali. Mzee yeyote wa plot yetu anamjua Kenny Rogers na Jim Reeves kichwani, lakini rock wanaiita kelele ya wazungu, mpaka nimwambie mtu Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa Unguja mwaka wa 1946, hapo ndio ananyamaza na kuomba aonyeshwe jalada. Na vijana wanatoka Gikomba na fulana za bendi ya AC/DC, ukimuuliza anadhani ni kampuni ya stima. Si vibaya, angalau hiyo ya stima amekaribia.

Baada ya kutengenezwa nilikaa wiki nzima nikiona kila kitu kina haraka. Ni sawa sasa, najua ni sawa, nimehesabu. Lakini puli ya zamani sikuitupa, iko kwa kikombe kilichovunjika mkono juu ya kabati, na jioni moja moja mama watoto akisikia Zeppelin anauliza kutoka jikoni, "Kwani yule mzee wa kuni alienda wapi?" Nikiwa na nafasi natoa belti, narudisha ile ya 10.