Brasserie (mgahawa wa Kifaransa) iliyolegea: uagize steki na chipsi au supu ya vitunguu?

Jiko likizembea, steki ndiyo huumbuka kwanza. Chipsi za Kifaransa hukaangwa mara mbili: kwanza nyuzijoto 150 hivi ziive ndani, kisha 180 zishike rangi. Wakiruka hatua ya kwanza, zinatoka kahawia nje na mbichi katikati. Nyama nayo isipopumzishwa dakika 5 kabla ya kukatwa, maji yake mekundu yanatapakaa sahanini na kulowesha chipsi.

Supu huvumilia zaidi, maana hupikwa mapema, ikapashwa moto mteja akiagiza. Adui yake ni haraka: vitunguu vinataka karibu saa nzima kwenye moto mdogo. Chota kijiko cha chini kabisa. Ukikuta vipande vyeupe vinavyokwaruza menoni, vilichemshwa tu, na jibini la juu halifichi kitu. Hata hivyo, agiza supu.