Kutoka Windows 10 hadi Linux Mint 22: uzoefu wangu na mambo ya kukagua kabla ya kufuta diski

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Zile Core i5 za kizazi cha 4 hadi cha 7 zilizotumika Ulaya na kuuzwa hapa Lubumbashi haziingii humo. Ninayotumia ni laptopu ya i5-6200U, RAM GB 8, SSD GB 240, na sasa ina Linux Mint 22 Xfce peke yake: mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, Xfce ikiwa ni sura yake nyepesi. Toleo hili linapata masasisho hadi Aprili 2029. Ikiwaka, kabla sijafungua chochote, RAM inayotumika haifiki GB 1.

Kusakinisha kwenyewe ni jambo la nusu saa. Kazi iko kabla. Faili la ISO, yaani faili moja unalopakua lenye mfumo mzima, linakaribia GB 3, na intaneti ikikatika njiani faili linaweza kuonekana zima kumbe limeharibika: flashi itawaka vizuri, kisha usakinishaji ufe katikati. Kwa hiyo, ukiwa bado Windows, andika kwenye dirisha la amri certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256, ulinganishe namba inayotokea na ile iliyotolewa na Mint kwa faili hilo. Flashi ya GB 8 inatosha, programu ya Windows iitwayo Rufus inaiandaa. Kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi: kwenye HP ni Esc kisha F9, kwenye Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Betri iwe imejaa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hautakusubiri umalize kugawa diski.

Ukitaka kubakiza Windows pembeni, zima BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski) kwanza, kisha andika powercfg /h off kwenye dirisha la amri la msimamizi. Usipofanya hivyo Windows haizimiki kabisa, inalala tu, na Mint itafungua sehemu yake kwa kusoma peke yake au itakataa. Pia saa zitagombana: Mint huhifadhi saa ya UTC (saa ya kimataifa) ndani ya mashine, Windows inaisoma kama saa ya hapa, inabaki nyuma saa 2. Dawa, upande wa Mint, ni kuandika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye terminali, dirisha lake la amri.

Kibodi ndiyo inayosumbua watu kuliko yote, na wengi hudhani Linux ndiyo mbovu. AZERTY, mpangilio wa herufi wa kibodi za Kifaransa, si moja. Mashine iliyotoka Ubelgiji haifanani na ya Ufaransa. Bonyeza kitufe cha 8 bila Shift: cha Ubelgiji hutoa !, cha Ufaransa hutoa _. Alama ya @ nayo iko AltGr na 2 kwa Wabelgiji, AltGr na 0 kwa Wafaransa. Kisakinishi kina kisanduku cha kujaribia. Kitumie kabla ya kuweka neno la siri. Ukiwa na mashine ya Ubelgiji, ukiweka neno lenye ! huku umechagua kibodi ya Ufaransa, umeandika _ bila kujua, na siku utakayorekebisha kibodi neno lako litakataliwa.

Faida niliyoipenda zaidi iko kwenye flashi za watu. Unaijua ile flashi ya kutoka kwa wapiga fotokopi, folda zote zimegeuka njia za mkato za KB 1 au 2. Kwenye Mint unaona kilichofichwa: folda isiyo na jina, na ndani yake kazi zako zote. Nakili hati, futa faili zote za .lnk (njia za mkato) na .vbs (programu ya virusi). Virusi hivyo haviendeshwi na Mint, lakini usipofuta vitamfikia mwingine.

Upande wa hati, LibreOffice, programu ya ofisi iliyomo ndani ya Mint, inafungua docx za Word bila shida kubwa. Fonti ya Calibri inabadilishwa na Carlito, yenye upana uleule wa herufi, hivyo kurasa hazihami. Makro za Excel, zile amri za kujiendesha ndani ya faili, ndizo zinazokwama.

Printa, kagua modeli kabla, si baada. HP LaserJet P1102, kwa mfano, inahitaji plugini, yaani nyongeza ya programu: andika hp-plugin kwenye terminali ukiwa na intaneti, nayo lazima iwe ya toleo lilelile la HPLIP (programu ya printa za HP) iliyomo. Bila plugini printa inaonekana kwenye orodha lakini karatasi haitoki. Kama Wi-Fi haijakubali bado, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kugawana intaneti; Mint inaitambua kama mtandao wa waya.

Programu za uhasibu za Windows nisingezihamisha. Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, huzifungua baadhi, kisha hukwama kwenye hifadhidata au ufunguo wa leseni. Mashine moja yenye programu hizo iacheni na Windows, msiiunganishe na intaneti, na ripoti zitoke kwa PDF.