TAHADHARI: "Mchoraji" wa picha za kosplei Nairobi anauza printi

Kama unavaa kosplei, yaani mavazi ya kuiga mhusika wa hadithi au sinema, na unataka kuchorwa picha ya kutundika ukutani, soma hii kabla hujatuma hata shilingi. Huyu jamaa anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, hasa tamasha likikaribia, na ana maneno matamu ajabu. Jina silitaji kwa sababu alilonipa si lake. M-Pesa ilinionyesha jina lingine kabisa. Kumuuliza, akasema ni laini ya dadake. Nikameza hiyo.

Mimi nilikuwa nimevaa Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo mwenye mwili wa jiwe. Miezi mitatu nilikata mikeka ya povu, ile ya kuunganishwa wanayochezea watoto, nikaipasha moto ishike umbo la mwili, nikaipaka kijivu juu ya kijivu mpaka ikawa jiwe. Anayeijua hadithi anajua mkuki haukumpenya Magere, ila aliangamia siku ulipochomwa kwenye kivuli chake. Kwa hivyo mchoraji nilimsisitizia jambo moja tu: kivuli. Kiwe kirefu, kilale chini, na mkuki uwe umesimama ndani yake. Tukapatana 18,000, rangi ya mafuta kwenye kanvasi, nusu nitangulize.

Kila wiki akawa ananitumia picha kunionyesha kazi ilipofika. Penseli, kisha kahawia ya chini, kisha uso unaanza kutokea. Kanvasi iko kwenye stendi, dirisha nyuma, kikombe cha bluu cha chai pembeni. Nilizionyesha mpaka watu wa kazini. Nimekuja kuzipanga zote nne pamoja baada ya kuliwa, ndipo nikaona: mwezi mzima chai haijapungua hata funda moja, na mwanga wa dirishani ni ule ule. Chumba ni picha moja tu. Anachukua picha yako, anailisha kwenye programu ya simu inayogeuza picha kuwa mchoro, kinachotoka anakibandika juu ya hiyo kanvasi. Hakuna brashi iliyoguswa.

Siku ya kuletewa, boda alifika getini na mzigo umezungushiwa selotepu kama maiti ya sinema. Amri aliyopewa: salio litumwe kwanza, mzigo ufunguliwe baadaye. Mvua inaanza, boda ana haraka, nikatuma.

Jamaa alikuwa ameniambia amemaliza jana yake usiku. Rangi ya mafuta haikauki usiku mmoja. Ni siku kadhaa, na ikiwa nene ni wiki. Nilipitisha kidole, kikatoka safi, na harufu ya mafuta hakuna. Ni printi, kisha juu yake akapaka jeli ya akriliki isiyo na rangi ili mkono ukipita uhisi mikwaruzo ya brashi. Inamisha kanvasi mwanga uipige kwa ubavu, utaona: brashi imepita juu ya jicho, pua na mkuki kwa mwelekeo mmoja, kama mtu anayepaka ukuta chokaa, wakati anayechora uso kwa mkono hulifuata shavu linavyozunguka. Sogeza kamera ya simu karibu kabisa, utaona nukta nukta za wino.

Mkono wangu ulioshika mkuki una vidole sita. Na kivuli hakuna! Magere kasimama juani, chini kumekauka. Huyo maadui zake wangehangaika naye mpaka leo.

Nilituma meseji ya M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom kuomba pesa irudishwe, lakini alikuwa ameshaitoa. Polisi nimeandikisha, namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, ninayo. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60, sawa, ila mshtakiwa lazima apelekewe hati, na mimi nilichonacho ni jina la uongo na laini iliyozimwa. Ndiyo maana nasema mfikie kwanza anapochorea. Akikataa, mpigie simu ya video ghafla umwone akichora. Picha za kutumiwa si ushahidi wa kitu. Na salio lisitoke kabla hujafungua mzigo, hata boda anune.

Kinachoniuma zaidi ya pesa: ile printi ya vidole sita sasa ameiweka kwenye ukurasa mpya kama kazi yake, uso wangu ukivutia wateja. Hilo nalipeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Majina na laini atabadilisha tena. Kikombe sidhani. Ukitumiwa mchoro wenye kikombe cha bluu pembeni, chai imejaa mpaka ukingoni, usitume kitu. Niandikie, nikupe namba ya OB tuunganishe malalamiko.