Klika ya kumfunzia mbwa mzee: ipi ununue ukiwa Mwanza

Bobi wangu ana miaka 11, na klika ya kwanza niliyomnunulia, yaani kidude cha kubonyeza kinachotoa mlio wa kumwambia mbwa amepatia, ilimkimbiza uvunguni mwa kitanda. Ilikuwa ile ya kisanduku, yenye ulimi wa bati ndani, na kwa siku mbili alinikwepa kila nikitia mkono mfukoni. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pima masikio ya mzee wako. Simama nyuma yake akiwa macho, asikuone, utikise funguo, kisha upige kofi moja. Uzee huanza kumnyang'anya mbwa sauti nyembamba za juu, hivyo anaweza kupuuza funguo na bado akageukia kofi.

Akisikia vyote viwili, nunua klika ya kitufe. Ndiyo namba moja kwangu. Kitufe chake kimejitokeza juu na mlio wake ni wa upole. Chagua yenye kamba ya kuvaa mkononi. Dukani ibonyeze mara kumi; ikikwama hata mara moja iache, maana kazi yake yote ni kutoa mlio uleule, sekunde ileile mbwa anapofanya ulichotaka. Ukiikosa mjini, agiza Dar es Salaam ije kwa basi.

Namba mbili ni kalamu ya kubonyeza. Haizidi bei ya soda, na kwa mbwa mwoga inafaa sana, ila ndani ya nyumba tu. Bodaboda moja ikipita, hasikii kitu.

Ya kisanduku naiweka ya tatu. Inamfaa aliyeanza kuwa mzito wa kusikia, au mnaofanyia mazoezi ufukweni penye upepo wa ziwa. Mwanzoni ifunge kwenye kitambaa. Ikilowa ikaushe, bati lisishike kutu.

Kiziwi kabisa hahitaji klika. Mwashie tochi mara moja, mwanga uangukie chini, usimpige machoni. Mkanda wa shoti ya umeme sitaki hata kuupanga.

Klika bila kitoweo ni kelele tu, na hapa tumebarikiwa: dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Nunua waliokaushwa bila chumvi, siyo wa kukaanga. Wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo wapepete, uwaoshe, kisha uwaloweke kidogo kama meno ya mzee yameisha. Kata dagaa mmoja vipande viwili, na jioni punguza ugali wake, kwa kuwa uzito unaumiza viungo vilivyochoka.

Siku ya kwanza usimwamuru lolote. Bonyeza, mpe dagaa. Bonyeza, mpe dagaa, mara kumi na tano hivi, mpaka mlio pekee umfanye akutazame. Kisha mfundishe kugusa kiganja chako kwa pua. Kukaa na kusimama mara kwa mara humuumiza nyonga. Bobi alishika hilo la kiganja siku ya nne, na sasa namwongoza nalo gizani, macho yake yakiwa na ukungu.