Uzoefu wangu: gasketi orijino ya inteki kwa Premio 1.8, nimebadilisha mwenyewe kwa parking

Wasee wenye Toyota za zamani za injini ya 1ZZ-FE, Premio na Allion za 1.8, Wish na hizo zingine, hii ni yenu. Gasketi ya inteki ni ule mpira unaoziba kati ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwa silinda) na kichwa cha injini. Yangu ni Premio ya 2004, ile ZZT240, iliingia Kenya ikiwa na miaka saba juu ikizidi nane hairuhusiwi, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe mipira yake imekaa kwa joto ya injini muda gani.

Shida ilijitokeza na baridi ya Julai. Asubuhi ukipiga stati inashika vizuri, alafu sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanza kupanda na kushuka, gari inatetemeka hadi kioo cha ndani kinacheza, ukiweka D inataka kuzima. Ikishapata moto inatulia kabisa, ungedhani nimeisingizia. Baadaye taa ya cheki injini ikawaka.

Fundi wa kwanza aliisikiliza tu akasema ni plagi. Tukaweka plagi. Akasema koili, tukaweka koili. Alipoanza hadithi ya sensa ya oksijeni nikakataa, hiyo si pesa ya mchezo na hajapima kitu hata kimoja. Nikanunua kile kidude cha Bluetooth cha ELM327, ukichomeka chini ya dashibodi kinaongea na simu. Ikatoa P0171, yaani hewa imezidi petroli.

Hapa nataka nieleze pole pole juu ndo mahali watu wanapoteza pesa. Kuna namba kwa skana inaonyesha kompyuta ya gari inaongeza au inapunguza petroli asilimia ngapi. Injini yangu ikiwa baridi kwa sailensi ilikuwa inaongeza zaidi ya 20. Nikikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika hivi inashuka chini ya 10. Hiyo tabia peke yake inakuambia gari inavuta hewa mahali haifai, juu kwa sailensi throtoli (mlango wa hewa ya injini) imefungwa, mvuto ndani ya manifoldi ni mkali na hewa ya halali ni kidogo, kwa hivyo ile ya wizi inaonekana sana, lakini ukikanyaga hewa ya halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka, kwa kawaida ingeenda kinyume, mbaya zaidi ukikanyaga. Na kwa nini asubuhi tu? Manifoldi ya hizi injini ni plastiki, kichwa cha injini ni aluminiamu, vikipoa havisinyai sawa, na mpira uliokauka haunyooki tena kujaza ile nafasi.

Kuhakikisha, nikapuliza kabureta klina kidogo kidogo kwa mshono wa manifoldi injini ikiwa imewashwa tu, bado baridi. Upande wa silinda ya kwanza mlio ukabadilika hapo hapo. Hiyo dawa inashika moto haraka sana, usijaribu injini ikiwa moto na usiwe na mtu anavuta sigara karibu.

Sasa gasketi yenyewe. Nilienda Kirinyaga Road, kule Grogan, Nairobi, na duka la kwanza wakanitolea moja haina hata pakiti, mpira mwembamba wenye kingo za kuparara, shilingi 400. Nikaiacha. Duka lingine wakanipa orijino ya Toyota, pakiti na namba ya pati juu, kama elfu mbili hivi. Najua mtu atasema ni ghali kwa kampira, lakini linganisha na zile koili nimeweka bure.

Kazi nilifanya Jumamosi kwa parking ya ploti, keateka hana shida na mimi bora nisimwage oili. Toa waya wa negativu wa betri kwanza. Throtoli bodi niliifungua kwa manifoldi nikaiweka kando na mipira yake ya maji ikiwa bado imeshikwa, hakuna haja ya kumwaga kulanti. Piga picha ya kila plagi ya waya na kila kampira ka vakyumu kabla hujatoa. Kitu kigumu ni zile bolti za chini, huzioni, unatafuta kwa vidole, na bila ekstensheni ndefu na ile soketi ya kujikunja utatukana. Nyingi ni namba 12 lakini kuwa na 10 na 14 karibu.

Manifoldi ikatoka, na hapo ndo nilifurahi kweli. Gasketi ya zamani ilikuwa imelala ndani ya mfereji wake, iko sawasawa na plastiki, hata kucha haishiki. Ukiikunja inakatika kama biskuti. Nikaweka mpya kwa mfereji, inasimama juu ya plastiki unaiona kwa macho, laini, imejaa, na imekaa kila kona bila kulazimishwa. Hiyo tofauti ndogo ya urefu ndo pesa unalipia.

Ziba mashimo ya kichwa na vitambaa safi kabla hujasugua, mchanga ukiingia huko ni injini umeua. Sugua na kitambaa na klina, usitumie msasa wala bisibisi kwa aluminiamu. Na tafadhali usipake silikoni, hata kama fundi atakuapia. Hii gasketi imetengenezwa ikae kavu, na vipande vya silikoni vikikatika vinavutwa ndani. Kaza kutoka katikati ukienda nje, kidogo kidogo kwa zamu, niliazima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, juu plastiki haisamehe.

Nikafuta ile code ya P0171 na skana, nikawasha. Mwanzo sailensi iliyumba kidogo kompyuta ikijifunza upya, alafu ikakaa karibu mizunguko 700 na ikabaki hapo. Asubuhi sa hii, hata ile ya baridi kali, naweka D bila wasiwasi, na ile namba ya skana inacheza kati ya 2 na 4. Taa haijarudi.

Hii gasketi naipa nyota nne kwa tano. Moja nimetoa kwa sababu gasketi ya throtoli bodi haiji nayo, inauzwa peke yake, na dukani hakuna alinikumbusha, ikabidi nirudi mjini manifoldi ikiwa iko chini. Itisheni zote mbili pamoja. Na muende na namba ya chasisi, msitaje tu Premio, juu ya 1.5 ni 1NZ-FE na gasketi yake ni tofauti kabisa.