Kusambaza picha kwa mtandao wa waya: kipi ununue, na kwa mpangilio gani

Anayetaka kupeleka picha ya king'amuzi au kompyuta kwenye runinga nyingi za jengo moja kwa kawaida huanza kulinganisha visanduku. Aanze na swichi, kisanduku kinachounganisha waya za mtandao. Swichi ya kawaida isiyo na mipangilio hupokea mkondo wa maltikasti (mmoja unaotumwa kwa watazamaji wengi kwa pamoja) na kuumwaga kwenye kila mlango, hata wa printa. Tafuta yenye kusimamiwa, ya gigabiti, iliyo na IGMP snooping (uwezo wa kutambua ni milango ipi inayotaka mkondo) pamoja na querier (kinachowauliza watazamaji mara kwa mara kama bado wapo). Ukikosa querier, picha itatokea safi, utashangilia, kisha baada ya dakika chache itakatika: swichi imefuta orodha ya watazamaji kwa kuwa hakuna aliyewauliza kama bado wapo.

Nafasi ya kwanza naipa enkoda na dekoda za H.264 au H.265, visanduku vinavyobana picha upande mmoja na kuifungua upande wa pili. Mkondo wa 1080p hutosheka na megabiti 5 hadi 15 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya wa Cat5e uliokwisha pita ukutani unafaa. Ubaya wake ni kuchelewa, nusu sekunde hivi, na kwa vile rahisi hata zaidi. Mpira wa miguu ukumbini hautaharibika. Mzungumzaji aliye jukwaani na kwenye skrini papo hapo ataudhi: neno limeshafika masikioni, midomo ndiyo kwanza inafunguka. Halafu uliza habari ya HDCP, ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe. King'amuzi chenye ulinzi huo kikiunganishwa na enkoda isiyoukubali, utapata skrini nyeusi na kuilaumu kebo bure.

Ya pili ni NDI, njia ya kupitisha video kwenye mtandao kwa kuibana kidogo tu, na ndiyo dawa ya jukwaa hilo. Inachelewa kidogo sana, ila mkondo mmoja wa 1080p wa fremu 60 unakula megabiti 100 na ushee. Njia ya gigabiti itabeba michache tu.

Ya tatu: kama unachosambaza ni mafaili tu, ruka yote hayo. Kompyuta moja yenye Jellyfin, programu ya bure ya kutoa filamu zilizohifadhiwa kwa watazamaji, inatosha, na kila mtu ataanza filamu kwa wakati wake. Ningeiweka ya kwanza kama watu wengi hawangetaka pia matangazo ya moja kwa moja.

Ya nne ni HDBaseT, njia ya kupitisha picha ya HDMI kwenye kebo ya mtandao, na hapa wengi hunaswa. Kebo ni ileile, tundu ni lilelile, lakini si Etheneti, yaani mtandao wa kawaida wa waya: haipiti kwenye swichi. Kwa chanzo kimoja na skrini moja, hadi mita 100, ni nzuri mno.

SDVoE, mfumo wa kupitisha video kwenye Etheneti, naiacha mwisho kwa gharama tu. Inatoa 4K karibu bila kuchelewa, lakini inadai swichi ya gigabiti 10.

Wi-Fi sikuipa nafasi. Maltikasti hewani kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini, na pakiti ikipotea hairudiwi. Runinga iliyo mbali na waya, ivutie waya.