La Grande-Motte: mji mzuri, dari linavuja, wakala hana adabu

Usilipie chumba La Grande-Motte kabla hujaiona varanda ya jirani wa juu. Naanza na hilo maana bado linanikera.

Mji huu wa mapumziko, pwani ya kusini mwa Ufaransa, ulibuniwa na Jean Balladur kuanzia miaka ya 1960. Majengo yake mengi ni mapiramidi ya zege: kila ghorofa inarudi nyuma kidogo, kwa hiyo varanda ya wa juu inakuwa paa la wa chini. Balaa linaanzia hapo.

Mvua ilinyesha usiku, asubuhi dari likawa linadondosha karibu na mlango wa varanda. Wakala hakuja hata kutazama. Akanijibu kwenye simu: "Hayo ni majimaji ya pumzi zenu, fungueni madirisha." Uongo mtupu! Unyevu wa pumzi hutanda kwenye vioo na kona zote za baridi. Huu ulifuata mstari mmoja, tena ulizidi saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Anayebisha abandike nailoni juu ya doa na kuziba kingo zote kwa utepe wa gundi. Akikuta maji upande wa darini, yametoka ndani ya zege. Nilimtumia picha, akasema wageni hatuzijui nyumba za kwao. Pole hakuna.

Huko juu tundu la kutolea maji lilikuwa limejaa mchanga na majani ya misonobari. Maji yakasimama, yakapanda hadi kwenye kizingiti, mahali utando wa lami ulio chini ya vigae unapoishia. Utando huo upandishwe ukutani kama sentimita 15 juu ya vigae, na sakafu iteremke walau sentimita 1 kila mita. La sivyo maji yenye chumvi yanafikia nondo, kutu inavimba, zege linabanduka vipande. Mnaojenga varanda za namna hii Dodoma, chumvi ya bahari hamna, lakini vumbi letu linaziba tundu vilevile, na mvua za Desemba zinashuka kwa kishindo.

Nyota moja.

Ila Balladur nisimdhulumu. Alivutiwa na mapiramidi ya Teotihuacan kule Meksiko, na kuta zake amezivisha nakshi za zege zinazotia madirisha kivuli jua likiwa kali. Maghorofa yetu ya vioo yanakosa hicho tu, watu wanaungua ndani. Miti nayo imejaa, unatembea kwa miguu kivulini hadi ufukweni. Kwa mji, nne.

Halafu nakumbuka lile neno "pumzi zenu". Mbili.